Umeme Ukishuka, Kompyuta Haipunguzi Kula

Mafundi wengi wakipewa kazi ya chumba cha kompyuta hupiga hesabu kwa volti 230, wakaishia hapo. Hiyo ni hesabu ya umeme wa kwenye karatasi. Saa moja jioni, mwisho wa laini, soketi hiyo hiyo inaweza kusoma 180, na hapo ndipo waya unapopata taabu.

Jagi la kuchemshia maji la wati 2000 halina neno. Volti zikishuka hadi 180, ampea nazo hushuka kutoka 8.7 hadi kama 6.8, maji yakachelewa tu kuchemka. Kompyuta ni kinyume chake. Pawasaplai, yaani kisanduku cha ndani kinachoigawia kompyuta umeme, lazima itoe wati zile zile zinazodaiwa na prosesa na diski, kwa hiyo volti zikipungua inavuta ampea zaidi kufidia. Chukua kompyuta 20 za wati 150 kila moja, jumla wati 3000: kwa volti 230 ni ampea 13, kwa 180 ni karibu 17. Joto la waya hufuata mraba wa ampea, kwa hiyo limeongezeka kwa asilimia 63. Na usitegemee fyuzi ya ampea 13 iliyomo ndani ya plagi ikuokoe, kwani inaweza kubeba ampea 17 muda mrefu bila kukatika. Utaona kwanza plastiki inageuka kahawia karibu na fyuzi, kisha harufu.

Stabilaiza, kifaa cha kuweka volti sawa, haiondoi mzigo huu. Kompyuta zitapata 230 zao, lakini ukutani stabilaiza inavuta zile zile ampea 17, pamoja na hasara yake yenyewe.

Kosa baya kuliko yote ni kusogeza swichi nyekundu ya pawasaplai za zamani kwenda 115 eti kwa sababu umeme ni mdogo. Usiku watu wakizima vyao, volti zinarudi 230. Kapasita mbili za ndani (vihifadhi chaji) za volti 200 kila moja zinajikuta zinabeba zaidi ya 300, na zinapasuka.

Pima jioni, kompyuta zote zikiwa zimewashwa, kwenye soketi ya mwisho kabisa. Gawanya jumla ya wati kwa volti ulizosoma, si kwa 230. Pawasaplai za bei rahisi zisizorekebisha pawafakta (uwiano wa wati halisi na volti mara ampea) huvuta zaidi ya hesabu hiyo, kwa hiyo thibitisha kwa klampumita, kipimo cha ampea kinachobana waya bila kuukata, inayosoma RMS halisi, yaani kiasi cha kweli cha ampea hata wimbi la umeme likiwa limepinda. Kompyuta 20 zigawe kwenye laini mbili za waya wa milimita 2.5 za mraba, kumi kumi, kila laini na breka yake. Hata kwa 180 kila moja itabeba ampea 8.3 tu.

Ekstensheni ndiyo naipinga kabisa. Mita 30 za waya wa milimita 1.5 za mraba, kwenda na kurudi, ni ohmu 0.73: kwa ampea 8 unapoteza volti 6 nyingine, na wati 47 zinageuka joto ndani ya waya. Kama huna budi kuitumia, ikunjue yote kutoka kwenye gurudumu lake, maana ikiwa imekunjwa joto hilo halina pa kutokea.