Kimetengenezwa Wapi? Utetezi wa Mzee Aliyepindua Kinu cha Kahawa

Mwezi uliopita, katika duka moja la vyombo vya nyumbani katikati ya jiji, nilimwona mzee akishika kinu cha kahawa cha mkono. Alikizungusha mara mbili, akasikiliza, kisha akakipindua asome kitakoni. Kijana wa duka akatabasamu lile tabasamu la kumsitiri mtu. "Mzee wangu, siku hizi vyote vinatoka China," akamwambia. "Angalia meno, achana na nchi." Mzee akakirudisha kwenye rafu, akashukuru, akaenda zake.

Kijana alikuwa sahihi kwa karibu kila alichosema. Lakini naamini mzee alikuwa akiuliza jambo jingine, na hakuna aliyemsikia.

Hoja ya kijana ndiyo inayotawala mazungumzo ya watu wanaosaga kahawa nyumbani hapa Nairobi, na haikupata nguvu bure. Chukua kinu cha umeme kiitwacho Baratza Encore. Jina ni la kampuni ya jimbo la Washington, Marekani. Tangu 2020 kampuni hiyo ni mali ya Breville ya Australia. Meno yake ya kusagia, yenye umbo la koni, hutoka Liechtenstein, na mashine yenyewe huunganishwa Taiwan. Sasa hiyo utaiita ya nchi gani? Au Niche Zero, fahari ya Waingereza: imebuniwa kwao, inaundwa China, na meno yake ya milimita 63 ni ya Mazzer, watengenezaji wa vinu wa Italia. Mtu akiipindua kusoma kitakoni ataona China, ataikunjia uso, na atakuwa ameyakunjia uso meno yale yale anayoyasifu akiyakuta kwenye mashine za mikahawa.

Kuna na suala la bei. Kinu cha mkono cha Comandante C40 cha Ujerumani kinagharimu zaidi ya mara tatu ya Timemore C2 cha China, na mnywaji wa kikombe kimoja asubuhi, akifungwa macho, sidhani atapata tofauti ya mara tatu mdomoni. Isitoshe, dharau ya leo kwa China ni ile ile iliyowahi kuelekezwa Japani. Miaka ya 1950 bidhaa za Japani zilichekwa. Leo mtu akiuza gari hapa mjini huanza na "ni la Japani hili" kabla hajataja mwaka. Wapo pia wanaouliza nchi ili tu wapate cha kudharau. Hao siwatetei.

Nyumba njema si mlango, na hapo kijana ameshinda. Lakini mbona Nairobi nzima inapenda gari la Japani? Si kwa sababu Wakenya walipima chuma chake maabara. Ni kwa sababu ukivunjikiwa Jumapili jioni, Jumatatu asubuhi unakwenda Kirinyaga Road, ile waliokuwa wakiiita Grogan, unamwonyesha mtu kipande kilichovunjika, naye anakuletea kingine kutoka ghorofa ya juu kabla chai haijapoa. Enzi za Peugeot 504, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, ilikuwa hivyo hivyo: watu waliamini Ufaransa kwa sababu kila kituo cha petroli kilikuwa na fundi anayeijua. (Wengi hawajui kwamba Peugeot hao hao walianza kutengeneza vinu vya kahawa mwaka 1840, kabla ya kufikiria gari.) Mtu wa hapa akiuliza "kimetengenezwa wapi?" mara nyingi amefupisha swali refu: kikiharibika nitakwenda kwa nani, na huyo mtu atakuwa bado yupo?

Swali hilo nimelilipia. Miaka michache iliyopita nilinunua kinu cha umeme chenye jina ambalo sikuwahi kulisikia, kizuri cha kuangalia, cha bei nafuu. Kilinifaa miezi saba. Siku moja kijiwe kidogo, rangi ile ile ya kahawa iliyokaangwa, kikapita na punje. Kinu kikalia mlio mmoja, kikanyamaza. Nilipokifungua, mota ilikuwa nzima na meno hayakuwa na hata kovu. Kilichokatika ni pete ya plastiki inayoshikilia meno, kitu cha kuweka kiganjani. Fundi wangu wa Luthuli, mtaa wa vifaa vya umeme, mtu anayefufua redio zilizozikwa, alikigeuza akanirudishia: "Hii si kazi ya stima. Nipe pete nitakurekebishia leo." Pete ilikuwa wapi? Muuzaji alikuwa keshahamia bidhaa nyingine. Mtandaoni nilikuta kinu hicho hicho, umbo hilo hilo, kikiuzwa kwa majina matatu, na hakuna hata moja linalouza pete.

Tupige hesabu kidogo, maana hesabu hii hunisumbua. Nyumba inayotumia gramu 30 za kahawa kwa siku husaga karibu kilo 11 kwa mwaka. Meno ya chuma ya kinu cha nyumbani, yakiwa ya maana, hudumu kilo mia kadhaa. Tuseme ni 200 tu: hiyo ni miaka 18. Kumbe ubishi wote kuhusu chuma cha Ujerumani dhidi ya chuma cha China ni ubishi kuhusu kitu ambacho mwanao ndiye atakayekibadilisha. Ndani ya miaka hiyo 18 utahama nyumba mara nne, na kinachokusubiri kukuangusha ni pete ya plastiki, skrubu, swichi, mpira wa kuzibia. Vitu vya bei ya sahani ya ugali. Vikikosekana, mashine nzima inakuwa takataka, na meno yake yenye umri wa kuishi yanakwenda jalala la Dandora yakiwa mapya.

Baratza walilielewa hilo. Kishikio cha meno katika Encore kina vidole vya plastiki vilivyokusudiwa kukatika kijiwe kikiingia, ili mota na gia zipone. Kipande hicho kinauzwa peke yake, na maelezo ya kukibadilisha yako wazi kwa yeyote. Ajabu ni kwamba mashine hiyo, kama nilivyosema, huunganishwa Taiwan. Kwa hiyo aliyeniponza hakuwa Asia, wala asingeniokoa Mzungu. Niliponzwa na kitu kisicho na mwenyewe. Alama iliyo kitakoni haikuambii kama kina mwenyewe au hakina, lakini anayeipindua kuitafuta anatafuta kitu cha kweli, na kumcheka ni kumnyima jibu.

Kiswahili kina njia ya kulinyoosha swali hili kwa silabi moja. Badala ya "kimetengenezwa wapi," uliza "kimetengenezewa nani?" Shemeji yangu anayeishi Texas alimletea mamake kinu kizuri cha umeme, zawadi ya Krismasi. Kilikuwa kimetengenezewa Wamarekani: volti 120. Stima yetu ni 240. Mama alikichomeka kwa kile kiunganishi cha kubadilisha pini, akabonyeza, na jikoni kukanuka nyaya za umeme zilizoungua. Kingenunuliwa Uingereza kingekuwa na asili ile ile, pengine na meno yale yale, ila kingekuwa hai mpaka leo.

Kuna upande mmoja zaidi wa hoja ya mzee ambao wanaojua kahawa wangepaswa kuuona wa kwanza. Sisi ndio tunaoishi kwa asili. Tunauza kahawa mnadani Nairobi kwa jina la kiwanda na kaunti. Mnunuzi wa Oslo analipa zaidi kwa sababu mfuko umeandikwa Nyeri au Kirinyaga. Kesho yake, tukishika kinu, tunaambizana mahali hapana maana?

Kijana atanijibu kwamba kahawa ina udongo, mwinuko na mvua, na chuma hakina. Kweli. Atanikumbusha pia kwamba hata "AA" tunayojivunia ni ukubwa wa punje tu, zile zinazobaki juu ya chekecheo, wala haitoi ahadi yoyote ya ladha. Kweli tena. Lakini ustadi nao hukaa mahali, ukalundikana. Nenda Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali, usikilize nyundo: aliyeanza kufua jiko yuko karibu na anayeuza bati, naye yuko karibu na anayetengeneza mishikio, na kijana anayejifunza ana mabwana kumi wa kumkosoa kabla ya saa nne. Ndiyo maana huwezi kuihamishia Kamukunji mtaa wa kifahari wa Karen kwa kununua mashine tu. Taichung huko Taiwan ni mji wa namna hiyo kwa mashine za kukatia chuma na baiskeli. Eureka, watengenezaji wa vinu wa Italia, wako Firenze tangu 1920. Kukata meno ya kusagia mpaka chembe zitoke zinalingana, na kuyakalisha meno mawili yatazamane bila kuyumba, ni kazi ya mikono iliyokosea mara nyingi na ikasahihishwa. Miji ya China nayo sasa ina mikono hiyo, na anayekataa hilo hajasaga kahawa kwa vinu vyao vya miaka ya karibuni. Mahali pana maana. Ila si pale pale mzee alipozoea kupatafuta.

Kwa hapa petu ustadi huo unaonekana upesi, kwa sababu SL28, aina ya kahawa inayolimwa kwetu, ile ya milimani ni ngumu, na ikikaangwa kidogo tu kama inavyopendwa sasa, inakuwa kama kokoto. Kinu chenye mhimili unaocheza huitafuna nusu unga, nusu mabonge, kikombe kikawa kichungu na kichachu kwa wakati mmoja. Huhitaji cheti cha nchi kulijua hilo. Shika kinu dukani, vuta mpini kushoto na kulia. Ukisikia unacheza, rudisha, hata kama kimeandikwa Solingen, mji wa visu wa Ujerumani. Nikikumbuka sasa, mzee yule alianza kwa kukizungusha na kusikiliza. Kusoma kitakoni kulikuja baadaye.

Kama ningekuwa kijana wa duka, ningemwambia ukweli: hiki ni cha China, kampuni yake ina jina na imedumu, na pete ikikatika utaipata kwangu. Kama sentensi hiyo ya mwisho haitamkiki, basi mzee alifanya vyema kwenda zake.

Nilirudi dukani juma lililofuata nikamuuliza kijana kama wanauza meno ya kinu kile peke yake. Hakucheka. Alichukua namba yangu akasema atauliza kwa mkubwa wake, nami nikajua sitasikia tena. Jumanne akapiga simu. Meno hayapo, akasema, na pete hawajui, ila kirungu cha mpini kipo kimoja, shilingi mia nne.