Saini kwanza, kisha rudi kazini

Nimesoma makala kuhusu saa za ziada kazini, ambamo mwandishi anashauri mfanyakazi anayebakizwa kazini bila malipo akae na bosi wake wayamalize. Sawa, lakini akae naye akiwa na nini mkononi? Mimi nimechambua korosho misimu mitatu kwenye kiwanda kimoja hapa Mtwara. Saa kumi na moja jioni tunapanga foleni, tunasaini kutoka kwenye kile kitabu chenye kalamu iliyofungwa kamba, halafu msimamizi anasema, "Haya jamani, tumalizie haya magunia." Tunatoka saa mbili usiku, bodaboda wameshapandisha bei, na kitabu kinaonyesha tulishaenda nyumbani zamani!

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Kuzidisha ni kwa makubaliano, na saa ya ziada inalipwa si chini ya mara moja na nusu. Saa ya "kusaidiana" bila malipo sijaiona humo.

Kilichotusaidia ni daftari la shule la mwanangu. Kila siku niliandika tarehe, saa tuliyotoka kweli na nani alikuwepo. Tukaenda ofisini watu sita kwa pamoja (ukienda peke yako unaambiwa una mdomo), tukalipwa ya mwezi ule. Ya nyuma walikataa, nasi tukachelewa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, kumbe malalamiko ya malipo hupelekwa ndani ya siku 60. Hapo ndipo mwandishi angeanzia.