Gari la Oto Halina Mwenyewe

Ukitaka kujua una ndugu wangapi wenye leseni hapa Dar, nunua gari la oto, lile linalojibadilishia gia lenyewe. Miaka yote ya Corolla 110 nilidhani ukoo wetu una madereva wawili tu: mimi, na baba mdogo aliyeendesha malori ya Tunduma mpaka macho yakamgomea. Kumbe wamejaa tele. Wana leseni safi za plastiki, wamezibana kwenye pochi pamoja na kitambulisho cha NIDA. Walikuwa wananyamaza kwa sababu moja tu: gari langu lilikuwa na pedeli tatu.

Wenzangu wanahangaika na ulinzi. Wanafunga alamu, wanafunga kifaa cha kufuatilia gari kwenye simu, wanachora namba kwenye taa na saiti mira ili mwizi akose soko. Mimi ulinzi wangu ulikuwa klachi. Na haikuwa klachi ya mchezo. Ilikuwa inashika juu kabisa, pale ambapo mtu wa kawaida ameshakata tamaa na kuachia mguu. Kichwa cha gia kilisuguliwa na kiganja changu mpaka ile ramani ya namba ikafutika, kikabaki kinang'aa tu, hakikwambii moja iko wapi wala tano iko wapi. Rivasi ndiyo usiseme. Haiingii mpaka uonje kwanza namba moja, utulie, halafu uivute kulia kabisa, chini, bila haraka na bila hasira. Ukiwa na hasira inalia krrr, na mtaa mzima unajua leo gari la mzee linaendeshwa na mgeni.

Shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, aliwahi kujaribu. Jumapili moja kaja amependeza, suti ya bluu, kiatu kimechongoka, ana sendofu Mbezi Beach na anataka aonekane anashuka kwenye gari.

"Shikamoo shemeji. Naomba funguo, saa nne usiku nimesharudi."

"Marahaba. Hizo hapo mezani."

Sikusita hata kidogo. Nikavuta kiti barazani, nikaomba chai. Gari likaruka, likazima. Likaruka tena, likazima. Watoto wa jirani wakaanza kuhesabu kwa sauti. Baada ya muda shemeji akashuka, akafuta jasho, akarudisha funguo mezani bila neno, akaita bodaboda. Nilimsindikiza kwa macho, ile suti inapepea, kwa upendo mkubwa sana.

Sasa niambie, gari kama hilo unaliuzaje?

Walioliuza ni familia. Mama watoto alisema goti. Kweli, ukitoka Kimara asubuhi unakanyaga, unaachia nusu, unakanyaga, unaachia nusu, na lile Daraja la Kijazi walipolifungua mwaka 2021 pale Ubungo, foleni haikufa, ilihama tu ikaenda kunisubiri mbele. Goti la kushoto likawa linajua mvua itanyesha lini kabla ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Binti yangu yeye akaja na simu. "Baba, usiseme oto ni mambo ya kisasa. Wamarekani walianza kuuza Oldsmobile za oto za mwaka 1940." Nikapiga hesabu kichwani. Oto imeizidi TANU kwa miaka 14. Nikakosa cha kujibu, maana mimi nilikuwa naiita fasheni ya vijana.

Nilijitetea kiume. Nikawaambia betri ikifa asubuhi, gari la manyuo, la klachi na gia za mkono, unaita vijana wawili wa kijiweni, unaweka gia ya pili, wanasukuma, unaachia klachi, inawaka, unawapa ya soda, kila mtu kafurahi. Oto sukuma mpaka Chalinze, haiwaki! Pampu ya mafuta ya giaboksi inazungushwa na injini, injini ikilala na pampu imelala, kwa hiyo magurudumu hayana njia ya kuiamsha injini. Utabaki unazunguka mtaani na waya mkononi unaazima moto kwa watu.

Nikawakumbusha na mlima wa Kitonga, kule Iringa. Baba mdogo alikuwa akisema mlima unashuka kwa gia uliyopandia, usishuke na breki. Breki ya kukanyaga mlima mzima inachemka, ikichemka haishiki, na kule hakuna pa kujadiliana, kuna kona, kuna lori nyuma yako na lori mbele yako. Binti akanijibu hata oto ina 2 na L pale chini, kazi yake ndiyo hiyo. Ni kweli zipo. Lakini muulize mwenye oto yeyote zile alama mbili za mwisho ni za nini, uone atakavyoanza kuangalia pembeni. Wengi wanajua D ya kuondoka na P ya kufika. Nyingine wanahisi ni mapambo.

Wakanishinda kwa kura. Nikampigia dalali.

"Namba gani, mzee wangu?"

"A."

Kimya.

"Oto?"

"Manyuo."

Nikasikia anamwambia mtu wa pembeni kitu, wakacheka. "Mzee, ungekuwa na D tungeongea. Hata C. Sasa A ya manyuo... hebu nitumie picha. Lakini upige jioni jioni, jua likishapungua."

Hivyo ndivyo gari linavyopimwa hapa kwetu, kwa herufi ya namba ya usajili, A ndiyo kongwe. Unaweza kuwa umeweka injini juzi, siti mpya, tairi nne mpya, mtu anaangalia namba, anaona A, anakunja uso. Na hao wanunuzi! Wa kwanza kijana wa mjini, kakaa kwenye kiti cha dereva, kaangalia gia kulia, kaangalia kushoto, akaniuliza kwa adabu zote, "Mzee, D yake iko wapi?" Mwingine kaja na fundi wake. Fundi akafungua boneti, akagonga gonga hapa na pale, akavuta mdomo, akatoa hukumu: "Hii inakula oili." Injini ilikuwa haijawashwa.

Aliyelichukua ni mwenye shule ya udereva. Huyo ndiye mtu pekee aliyeniuliza swali la maana. "Klachi inashika wapi?"

"Juu."

"Safi. Wakiizoea hii, hawatashindwa gari lolote."

Akalipa milioni mbili na nusu, nusu taslimu, nusu kwa simu, makato juu yangu. Leo Corolla ina L nyekundu mbele na nyuma, na kibao juu ya paa chenye namba ya simu. Ile krrr niliyokuwa naizuia isisikike mtaani sasa inalia kuanzia saa mbili asubuhi, kwa ada. Na kinachoniuma zaidi, wale vijana wanajifunzia manyuo, wanafanyiwa mtihani kwa manyuo, wakishapata leseni wanahamia oto na hutawaona tena. Uingereza ukifanya mtihani kwa oto, leseni inakufunga kwenye oto tu. Sisi tungetunga ya kinyume: aliyefaulu kwa manyuo abaki na manyuo yake, oto atuachie wenye magoti.

Basi nikachukua IST ya mwaka 2004, namba D, mkononi mwa mtu. Kuagiza Japani niliogopa, maana gari likizeeka TRA wanakuongezea ushuru wa uchakavu. Kenya ni balaa zaidi, likizidi miaka 8 haliingii kabisa. Sisi linaingia, ila unalipia uzee wake.

Asubuhi ya kwanza nimewasha, mwanamke wa Kijapani akanisemesha kutoka kwenye dashibodi. Mama watoto yuko dirishani. Nikazima haraka. Nikawasha, akarudia yale yale, kwa sauti nzuri, ya pole. Binti akatafuta kwenye simu, akasema ni kifaa cha kulipia barabara za kulipia huko Japani, dada anatoa taarifa kwamba kadi haijawekwa. Kwa hiyo sasa nadaiwa kwa lugha mbili kabla sijanywa chai. Redio nayo inaishia 90, kwa sababu FM ya kwao ilianzia 76 ikaishia hapo, na stesheni nyingi za kwetu ziko juu yake. Taarifa ya habari naisikilizia kwenye simu.

Mguu wa kushoto ulikuwa haujapata barua ya kustaafu. Kwenye taa za Mwenge, gari linapunguza mwendo, mguu ukaruka wenyewe kutafuta klachi, ukakuta pedeli ya breki, pana, inakaribisha, ukaikanyaga kwa nguvu zote ilizozoea kwenye Corolla. Mama mkwe alikuwa kiti cha nyuma na trei ya mayai mapajani. Hilo naomba tusilizungumze.

Lakini haya yote ningeyavumilia. Nisiloliweza ni ndugu.

Habari zilisambaa siku hiyo hiyo. Mama watoto, ambaye kwa Corolla alikuwa anasema barabara za Dar zinamtia kizunguzungu, sasa ana vikoba Tabata, ana saluni Sinza, ana rafiki anayeumwa Goba. Binti kaniambia anataka "kuzoea barabara" na barabara anayoizoea inaishia Mlimani City kila mara. Jirani kaja usiku, sauti ya chini, mikono kifuani: "Jirani, naomba nimsogeze mgonjwa Mloganzila asubuhi." Mgonjwa unamkataliaje? Nikatoa funguo, nikamwombea na dua. Jioni nikamwona mgonjwa kwenye status ya jirani, amekaa Coco Beach anakula mihogo, pilipili imemkolea.

Zamani ningesema, "Chukua, ila ni manyuo." Neno hilo moja lilikuwa linamaliza mazungumzo bila kumvunjia mtu heshima. Sasa nasemaje? Gari lina afya, mafuta yapo, njia ya kuliendesha ni kusukuma kijiti mpaka D. Hata baba mdogo mwenye macho yake yale ameniuliza kama D inaonekana vizuri usiku.

Linavyorudi ndiyo vituko. Kiti nakikuta kimesogezwa mbele mpaka magoti yanagusa usukani. Kioo cha kati kinaangalia paa. Kuna ganda la ndizi kwenye mfuko wa mlango, na sina mtu ninayemfahamu anayekiri kula ndizi. Taa ya mafuta inawaka kila mara, siku hizi sijui hata sindano ikiwa nusu inakaa wapi. Na mimi mwenye gari, kila asubuhi niko Kimara Mwisho, nimeng'ang'ania bomba kwenye mwendokasi, mfukoni nina kadi ya gari yenye jina langu.

Kadi zenyewe ni mbili, maana mwenye shule hajabadilisha umiliki. Kila nikimpigia anasema, "Wiki ijayo, mzee wangu, TRA mtandao unasumbua." Wiki ijayo yake haifiki. Juzi nikaangalia madeni ya trafiki. Corolla ina faini ya kupita taa nyekundu, shilingi 30,000. Nimemsamehe, huyo anajifunza. IST nayo ina 30,000, imepigwa tochi kwenye kibao cha 50. Siku hiyo ilikuwa kwa shemeji.

Ndiyo, shemeji karudi. Suti ile ile. Na jana asubuhi kaja tena, anapiga mluzi, akaninong'oneza kwamba anakwenda Kibaha mara moja, anageuza. Usiku akatuma ujumbe kwamba mvua ni kubwa, analala kwa rafiki yake huko huko Kibaha. Nikatoka nje kuangalia mawingu. Nyota tupu. Nikanyamaza, mtu mzima hakimbizani na watoto.

Leo mchana simu imeita.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba."

"Samahani, hivi hii L ya huku chini kwenye gia ni ya nini? Naona breki kama zinatoa harufu."

"Uko wapi?"

Nikasikia honi ya lori, ile ndefu, na sauti ya mwanamke inasema funga kioo, funga kioo.

"Nashuka Kitonga, shemeji. Ndiyo nageuza."