Gari la Kale Haliuawi na Mfuko Mdogo

Mtu wa kipato cha kawaida akinunua gari lililotengenezwa miaka ya 1960 na kuanza kulifungua nyumbani, huambiwa kwamba anatupa pesa. Gari la kale, wanasema wanaomwonya, ni la mwenye banda kavu na fundi bingwa wa kulipa kila mwezi. Asiye navyo ataishia na injini iliyofunguliwa nusu, boksi la bolti asizokumbuka zilikotoka, na deni. Onyo hilo lina ukweli wake, na sehemu moja ya ukweli huo ni nzito kuliko hata wanaoonya wanavyoifahamu. Lakini limejengwa juu ya dhana kwamba kinachoyamaliza magari haya ni ukosefu wa pesa, na hapo ndipo ninapokataa. Vitu vingi vinavyoyamaliza ni vya bei ndogo mno. Vimeachwa kwa sababu hakuna aliyeinama kuviangalia.

Chukua mpira wa kupitishia petroli. Volkswagen Beetle ilitengenezwa kwa zaidi ya magari milioni 21, la mwisho likitoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003, kwa hiyo ndilo gari la kale ambalo wengi huanza nalo. Injini yake iko nyuma, na pampu ya petroli imekaa jirani kabisa na distribyuta, kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa plagi. Kutoka kwenye pampu hiyo petroli hupanda kwenda kwenye kabureta, kinakochanganywa na hewa, na mahali fulani njiani hupita ndani ya kipande kifupi cha mpira, juu ya injini yenye joto, karibu na nyaya zinazobeba umeme wa cheche. Mpira ukizeeka hukakamaa. Ule wa zamani uliovikwa nyuzi kwa nje ni mbaya zaidi, maana hupasuka ndani huku nyuzi zikiendelea kuonekana nzima. Petroli huanza kutoka kwa matone, na mwenye gari huhisi harufu kidogo akadhani ndivyo magari ya zamani yalivyo. Bloku ya injini hiyo imeundwa kwa aloi ya magnesi, metali ambayo ikishika moto, maji huuchochea badala ya kuuzima. Gari lote huteketea kwa sababu ya mpira usiofika urefu wa mkono.

Petroli ya siku hizi imeongeza hatari hiyo. Nchi nyingi sasa zinauza petroli iliyochanganywa na ethanoli. Uingereza, kwa mfano, ilifanya mchanganyiko wenye hadi asilimia 10 kuwa petroli ya kawaida vituoni kuanzia Septemba 2021. Mipira na diaframu (utando mwembamba ndani ya pampu) za miaka ya 1960 hazikutengenezwa kwa kimiminika hicho. Huvimba, hulainika, kisha hupasuka. Dawa inajulikana: mpira wenye alama ya SAE J30 R9, ambao tabaka lake la ndani linahimili ethanoli, pamoja na klipu mpya. Mipira yote ya gari zima hugharimu pungufu ya kujaza tangi mara moja. Ibadilishe hata kama inaonekana mizuri, andika tarehe, na ukiwa hapo hapo shika ule mrija mdogo wa shaba unaoingia kwenye kabureta uutikise kwa vidole. Ukicheza, gari lisiwashwe mpaka umekazwa upya.

Nimekaa na mpira huu kwa muda mrefu kwa sababu unaonyesha mahali ambapo mfuko mdogo si udhaifu. Mwenye pesa hulipeleka gari gereji likiwa na tatizo analoweza kulieleza. Fundi hutengeneza alichoambiwa, na mpira hauhusiani na alichoambiwa. Anayelihudumia mwenyewe hufungua boneti kila wiki, hupangusa mafuta, hunusa, hupapasa. Mara nyingi yeye ndiye atakayegusa mpira ule na kuhisi umekuwa mgumu kama kijiti. Ukaguzi wa namna hiyo haununuliwi kirahisi, maana hakuna gereji inayoweza kumtoza mteja saa nzima ya kutazama tu.

Breki zinafuata mantiki hiyo hiyo, ila hapa wapinzani wana neno. Magari mengi ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yana mfumo mmoja tu wa mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Raba moja ndani ya silinda ya gurudumu moja ikichakaa na kuvujisha, pedali huenda hadi sakafuni na hakuna gurudumu linaloshika. Mafuta yenyewe hunyonya unyevu wa hewani: aina iitwayo DOT 4 ikiwa mpya lazima ihimili angalau nyuzi joto 230 kabla ya kuchemka, lakini ikishanyonya maji kiwango kinachokubalika hushuka hadi 155, na huku nyuma maji hayo yanazitia kutu silinda kutoka ndani. Wanaosema breki si mahali pa kujifunzia ufundi wako sahihi kuogopa. Hata hivyo, tujiulize nini hasa hutokea mtu wa kawaida akikatazwa kuzigusa. Mara nyingi haendi gereji. Anaahirisha. Mafuta ya breki yanayopaswa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hukaa kumi. Kati ya mtu aliyejifunza kwa makini kufungua drami (kikombe cha chuma kinachofunika breki ya gurudumu), kubadili raba na kutoa hewa kwenye mfumo, kisha akamlipa fundi aje kukagua kazi yake kabla gari halijaingia barabarani, na mtu aliyetishwa asiguse kitu, mimi ningepanda gari la yule wa kwanza. Saa moja ya fundi kukagua inapaswa kuwemo kwenye bajeti ya kila kazi ya breki na usukani.

Kuna masharti mawili yasiyo na mjadala. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Weka stendi imara, juu ya sakafu ngumu. Na vumbi la lainingi za breki za zamani huenda lina asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu, kwa hiyo usilipulize kwa upepo wala kulipiga brashi kavu. Lilowanishe, lipanguse kwa kitambaa, na kitambaa hicho kifungwe kwenye mfuko.

Upande wa umeme wa cheche ndipo gari la kale linapomrudishia fadhila mwenye mfuko mdogo. Pointi za distribyuta, yaani swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itoke, kwenye Beetle huwekwa nafasi ya milimita 0.4, vali kwenye nyingi kati ya injini hizo milimita 0.15 injini ikiwa baridi, na muda wa cheche unaweza kupangwa kwa taa ndogo yenye nyaya mbili. Hakuna kompyuta ya kuuliza. Hitilafu inaonekana kwa macho, inapimika kwa geji ya mabati membamba inayokaa mfukoni. Pesa nyingi zinazodaiwa kumezwa na magari haya humezwa na kubahatisha: injini ikikosa nguvu, mtu hununua plagi, akishindwa koili, akishindwa kabureta nzima, kumbe pointi zilikuwa zimejifunga. Hoja ya gharama, kwa kiasi kikubwa, ni hoja dhidi ya kununua kabla ya kupima.

Wapo pia wanaotaja madini ya risasi yaliyoondolewa kwenye petroli; Algeria ilikuwa nchi ya mwisho kuacha kuuza petroli yenye risasi kwa magari, mwaka 2021. Ni kweli kwamba injini zenye viti vya vali vya chuma laini hulika polepole bila risasi hiyo. Lakini ni uchakavu wa taratibu kwa anayeendesha kwa upole, na hurekebishwa kwa viti vigumu siku kichwa cha injini kitakapofunguliwa kwa sababu nyingine.

Sasa ule ukweli mzito. Mambo mawili hayatatuliwi kwa bidii.

La kwanza ni kutu. Uvimbe mdogo kwenye rangi, upana wa ukucha, kwa kawaida ni mwisho wa kazi iliyoanzia ndani. Matundu ya kutolea maji chini ya milango yameziba matope, boksi za chuma kando ya sakafu zimejaa unyevu kwa miaka, na chuma kimebaki unene wa karatasi. Kwa magari mengi yasiyo na chasisi ya peke yake, boksi hizo ndizo uti wa mgongo. Kuziba kwa puti na rangi ni kuficha, na anayemuuzia mwenzake gari la namna hiyo anamhatarishia maisha. Tiba ni kukata hadi chuma kizima na kuchomelea kipya, kazi inayotaka mashine, ustadi na saa zisizohesabika. Bajeti nyingi za nyumbani hufia hapo, na wanaoonya wangesema hivi tu, nisingekuwa na la kuwajibu.

La pili ni ajali. Mwaka 2009 IIHS, taasisi ya Marekani ya usalama barabarani, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, uso kwa uso, kila moja ikienda kilomita 64 hivi kwa saa. Chumba cha dereva wa Bel Air kilikunjamana. Mtu halisi angekufa pale. Wa Malibu angetoka na jeraha dogo mguuni. Matengenezo bora kiasi gani hayabadilishi hilo, yawe ya tajiri au ya maskini. Kinachoweza kubadilika ni matumizi: barabara za mwendo wa wastani, mchana, na watoto wasipakiwe kwenye viti visivyo na mahali imara pa kufungia mkanda.

Kwa hiyo uamuzi mkubwa wa mwenye bajeti finyu hufanyika siku ya kununua. Afadhali gari lenye injini iliyokwama na rangi iliyofubaa kuliko linalowaka kwa ufunguo mmoja na kung'aa huku sakafu yake ikitoa sauti butu ukiigonga kwa kidole. Inua zulia. Piga tochi ndani ya boksi za kando. Muulize muuzaji kama unaweza kubonyeza kwa bisibisi pale jeki inaposhika, na akikataa, ondoka. Aliyekwisha kulinunua lililooza, naye hana mashine ya kuchomelea wala pesa ya fundi wa bodi, namshauri aliuze sasa kwa mwenye navyo, wakati bado kuna chuma cha kuokoa.