Kinyozi na Ndege za Missouri

Ninaandika haya nikiwa nimevaa kofia sebuleni, jambo ambalo marehemu mama asingelivumilia, na chanzo chake ni vita vya Marekani na Iran, watu wasionijua wala kunidai. Kwamba mafuta yamepanda, dereva wa bajaji alinifahamisha kwa kunitajia nauli huku akitazama pembeni. Kwamba hata nyanya za Lushoto zimeathiriwa na mambo ya Ghuba ya Uajemi, nilielezwa na mwenye genge. Hayo niliyapokea kwa utulivu wa mtu mzima. Kinyozi ndiye aliyenishinda.

Kijana huyu ni bingwa wa ndege za kivita. Mara tu aliponifunga kitambaa shingoni, alianza kunisimulia jinsi ndege saba aina ya B-2 zilivyoruka kutoka Missouri, Marekani, mwezi Juni 2025, zikaenda kuipiga mitambo ya nyuklia ya Iran na kurudi, safari ya saa 37 bila kutua, zikiongezwa mafuta hukohuko angani. Ili nielewe vizuri, akaamua kwamba kichwa changu ndicho ramani. Missouri ilikuwa juu ya sikio la kushoto. Utosi ulikuwa Atlantiki, na mashine ikauvuka taratibu, ikiacha nyuma yake njia nyeupe ya upana wa vidole viwili. Fordow, ambako mitambo imezikwa chini ya mlima, ilipangiwa kile kinundu changu cha kisogoni. “Mzee wangu, hapa ndipo linapozama bomu la tani 13,” alisema, akikandamiza. Waliokuwa kwenye benchi wakainuka kuja kutazama. Mmoja akabisha kuhusu njia iliyopitwa, na kinyozi, kwa kuwa ni mtu wa haki, akachora njia ya pili ili tulinganishe.

Umeme ukakatika ndege zikiwa hazijarudi Missouri.

Niliuliza kwa adabu kama hakuna hata wembe. Alinijibu kwamba ndege hiyo haionekani kwenye rada. Hapo uvumilivu ukaniishia, nikamkumbusha kwamba F-35, ambayo nayo husifiwa kwa kutoonekana, iliwapotea Wamarekani wenyewe huko Carolina Kusini mwezi Septemba 2023, baada ya rubani kuruka na mwavuli, hadi jeshi likawaomba wananchi wapige simu wakiwa na taarifa. Sasa ikiwa mwenye mali haioni mali yake, rada ya jirani tuilaumu kwa lipi? Benchi zima likacheka. Kinyozi akanuna, akafungasha mashine yake, akanidai pesa kamili.

Sisi tuliokulia Mwanza hatuhitaji kufundishwa habari za mabomu. Mwaka 1979, wakati Gaddafi akimsaidia Idi Amin, ndege ya Libya aina ya Tupolev 22 ilikuja kuyalenga matangi ya mafuta, ikayakosa, na mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, kwenye hifadhi ya wanyama, yakaua swala ambao hawakuwa na ugomvi na mtu. Baba alichukua hatua za kijeshi siku hiyohiyo: aliifunika Peugeot 404 yetu kwa matawi ya mwembe. Na kweli, haikupigwa.

Gari lile lilikuwa na gia kwenye usukani na viti vilivyounguza mapaja, na lilikuwa la aina iliyoshinda Safari Rally mara nne kati ya 1963 na 1968, jambo ambalo Baba alilitangaza kila tulipokuwa tukilisukuma. Baadaye fedha za kigeni zilipoadimika, ikaja amri kwamba magari binafsi yasitembee Jumapili kuanzia saa nane mchana. Baba aliitii kwa moyo mkunjufu, maana la kwetu halikuwa na betri. Saa nane ikifika alitoka barazani, akalitazama, akasema sheria ni sheria.

Leo shemeji yangu ana gari la otomatiki lenye kamera nyuma na sauti ya mwanamke inayomkaripia asipofunga mkanda, nalo huliegesha mbele ya mlango wangu hata nikashindwa kutoka. Nimemweleza kwamba gari ambalo watoto wa mtaa mzima hawawezi kulisukuma likawaka si gari, ni friji, na asiniulize tena kama nimelipenda.