Risiti ya dola sifuri

Jamaa zangu wa Dar wana wimbo mmoja: "Nyie huko mnafaidi, gari likiwa na kasoro kampuni yenyewe inaliita na kulitengeneza bure." Ni kweli, na sheria hiyo ya Marekani nitaisifia popote. Ila kati ya sheria na gari langu kuna kaunta ya wakala wa kampuni ya magari, na hapo ndipo mambo yanapoharibikia.

Gari langu liliitwa kwa ajili ya pampu ya mafuta. Barua ilisema wazi kwamba pampu inaweza kufa na injini ikazima ukiwa mwendoni. Mtu wa Houston hahitaji kufafanuliwa zaidi. Bila gari hapa hufiki dukani, seuze kazini, na njia yangu ni ile barabara kuu ya 45 yenye malori yasiyomsubiri mtu. Nikalipeleka kwa wakala, jioni nikalichukua na risiti: dola sifuri, kazi imekamilika. Wiki hiyohiyo likazima nikiwa naingia barabara kuu.

Sasa, kwenye gari langu pampu iko chini ya kiti cha nyuma. Kukinyanyua lazima kwanza ufungue kiti cha mtoto. Nilipochungulia, mikanda ya kiti cha mtoto iko vilevile nilivyoikaza mwenyewe, na makombo ya biskuti za binti yangu yamejipanga kwenye mshono, hayajaguswa. Nikarudi na picha. Mhudumu akatabasamu lile tabasamu la kazini, akanigeuzia skrini: mfumo unaonyesha imefanyika. Naomba kuongea na fundi. Haiwezekani. Basi nilione gari likiwa juu ya jeki. Bima hairuhusu mteja kuingia karakana.

Nikamkumbuka fundi wangu wa mtaa wa Gerezani, Dar. Ana maudhi yake, tusidanganyane: "kesho asubuhi, bosi" inaweza kuwa Ijumaa ya wiki ijayo, na spea mpya usipoikodolea macho hugeuka mtumba. Lakini unakaa juu ya tairi pembeni yake, anaichomoa pampu, anaikung'uta, "ona mwenyewe bosi, chujio limeziba," na ile mbovu unaondoka nayo mkononi. Akikudanganya unajua kijiwe chake.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba wakala akishaandika imekamilika, rekodi inafungwa. Ukiingiza ile namba ya gari yenye herufi na tarakimu 17 kwenye tovuti ya NHTSA, wakala wa serikali wa usalama barabarani, gari langu linaonekana safi kabisa. Wakala mwingine wa magari alikataa kuligusa kwa sababu hiyo. Nani atamlipa?

Hata hivyo siwezi kusema bora nyumbani. Chukua eabegi, ile mifuko ya hewa inayofumuka gari likigonga, za kampuni ya Kijapani ya Takata. Kemikali iliyokuwa ndani yake, amonia naitreti, huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na siku ya ajali kifaa chake hupasuka na kukurushia vipande vya chuma. Marekani peke yake ziliitwa takriban milioni 67, na maeneo ya joto na unyevu, pwani hii ya Texas ikiwemo, yakapewa kipaumbele. Joto na unyevu wa Dar na Mombasa mnaujua. Magari ya Kijapani ya miaka ileile yameshuka bandarini kwetu kwa wingi, na barua ya kuitwa ilikwenda kwa mwenye gari wa kwanza, huko Osaka. Takata yenyewe iliomba ulinzi wa mufilisi mwaka 2017. Na msihangaike na tovuti ya Marekani, namba ya chasisi ya gari la soko la Japani haina muundo huo. Watengenezaji wa Japani wana kurasa zao za kukagulia. Mbane muuzaji akuonyeshe kabla hujatuma hela, gari likiwa bado yadi ya Yokohama.

Mimi angalau nina pa kushika. Sheria ya hapa inasema gari lililopelekwa likipitisha siku 60 bila kutengenezwa ipasavyo, hiyo inahesabika kuwa ushahidi wa awali kwamba halikurekebishwa ndani ya muda unaofaa. Nimewaandikia watengenezaji, nimelalamika NHTSA, na picha za makombo nimeambatisha. Watengenezaji wamenijibu kwa adabu sana: nipeleke gari kwa wakala yuleyule.