Kabla ya mashine ya kukaushia nguo, nunua ya kukamua

Masika yakikolea Dar es Salaam, swali hili huzuka upya katika nyumba nyingi, hasa za ghorofa: tununue mashine ya kukaushia nguo, au tuvumilie mpaka Juni? Sare za shule zilianikwa juzi na bado mbichi. Taulo zinanuka uvundo hata baada ya kufuliwa mara mbili. Viti vya sebuleni vimevikwa mashati, na mgeni akibisha hodi watu wanakimbizana kuyaondoa. Baba anapiga hesabu ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na kusema hapana, mama anatazama rundo la nguo na kusema ndiyo. Mara nyingi wote wawili wana haki, kwa sababu kila mmoja anahesabu gharama ambayo mwenzake haioni.

Nianze na upande wa hapana, ambao una nguvu kweli. Katika ukanda wa pwani, kwa miezi mingi ya mwaka, shati la pamba likianikwa saa nne asubuhi linaanuliwa mchana likiwa limekauka. Jua halina bili, na mionzi yake inasaidia kuua vijidudu. Tena mashine inachakaza nguo. Yale manyoya laini yanayojaa kwenye chujio lake ni nyuzi za nguo zenyewe, zimekatika na kung'oka nguo zilipokuwa zikigongana ndani ya pipa la moto. Lastiki za suruali za watoto hulegea, kitenge cha pamba ambacho hakijawahi kufuliwa hupungua, na abaya ya kitambaa laini huweza kuharibika ikikaushwa kwa moto mkali. Jua nalo linapausha rangi, lakini dawa yake ni rahisi na kila mwanamke wa pwani anaijua: geuza kanga ndani nje, anika kivulini.

Upande wa ndiyo mara nyingi huonekana ni wa anasa, na hapo ndipo ninapokataa. Jua ni la bure, lakini anayeanika si wa bure. Kuna mtu anayepanda ngazi za ghorofa nne na beseni la nguo mbichi kichwani hadi juu ya paa. Ni huyohuyo anayeacha ugali jikoni kukimbilia kuanua wingu likitanda, kisha aanike tena mvua ikikatika, na alinde kamba nguo zisiibiwe. Karibu kila mara ni mama, binti wa nyumbani au dada wa kazi. Familia ikisema kuanika hakugharimu kitu, maana yake muda wa mtu huyo umepewa thamani ya sifuri.

Kuna pia yule inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, hasa zilizoanikwa kivulini au kutandazwa kwenye majani na mchanga. Mayai huanguliwa ndani ya siku chache, na funza huingia kwenye ngozi ya anayeivaa nguo. Kinachotokea huonekana kama jipu, na watu hulikamua bila kujua ndani mna kiumbe hai. Ndiyo maana wazazi wetu walisisitiza pasi ipite kwenye kila kitu, hata nepi na nguo za ndani. Mzunguko kamili wa mashine yenye moto mkali hufanya kazi hiyohiyo. Katika nyumba yenye mtoto mchanga, au mgonjwa anayelala kitandani na kubadilishiwa shuka kila siku, hoja hii ni nzito kuliko bili.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Kukausha nguo ni kazi ya kuondoa maji, na maji yanaondoka kwa njia mbili: kukamuliwa au kugeuzwa mvuke. Tofauti ya gharama kati ya njia hizi ni kubwa mno. Lita moja ya maji, ili igeuke mvuke, inadai karibu theluthi mbili za uniti ya umeme, na hapo hatujahesabu joto linalopotea. Mashine ya kufulia ikizungusha nguo kwa kasi dakika tano, inatumia chini ya sehemu ya kumi ya uniti na inaweza kutoa lita kadhaa.

Tuchukue kilo saba za nguo za pamba. Zikikamuliwa kwa mkono zinaweza kubaki na maji ya uzito uleule wa nguo, yaani lita saba. Zikizungushwa mara 1,400 kwa dakika hubaki na karibu nusu ya hapo. Mashine ya kukaushia inayopewa nguo za kukamuliwa kwa mkono inalazimika basi kugeuza mvuke maji mara mbili ya yale iliyotengenezewa. Huchukua muda mrefu, hula umeme, halafu mwenye nyumba analalamika kwamba mashine ni mbovu. Nyumba nyingi kwetu bado zinafua kwa mkono, na hilo si kosa. Lakini nyumba inayofua kwa mkono ikiruka moja kwa moja hadi kwenye mashine ya kukaushia, imeanzia mwisho.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote mwenye bajeti ndogo ni kununua uwezo wa kukamua. Mashine za nusu otomatiki zenye matangi mawili, moja la kufulia na jingine la kukamulia, zimejaa Kariakoo, na tangi lile dogo huzunguka zaidi ya mara 1,000 kwa dakika. Nguo ikitoka hapo haidondoshi hata tone. Itundike ndani, dirisha wazi, feni ikipuliza. Feni ya wati 60 ikifanya kazi usiku kucha kwa saa kumi inatumia sehemu sita za kumi za uniti, ambayo ni kama shilingi 214. Asubuhi sare nyepesi zimekauka. Suruali za jinzi na taulo nzito huenda zikadai usiku wa pili, na katika wiki za mvua mfululizo, hewa yenyewe ikiwa imeloa, feni inashindwa. Kwa nyumba nyingi za watu wanne au watano, hata hivyo, hapa ndipo pa kuishia.

Wanaohitaji zaidi ya hapo watakutana na aina tatu. Ya kwanza hupasha hewa kwa waya wa umeme na kuitoa nje kupitia bomba la upana wa sentimita kumi. Ya pili hupasha vilevile, lakini mvuke wake hupozwa ukawa maji yanayokusanywa kwenye tangi. Ya tatu ina pampu ya joto: ndani yake mna kompresa na gesi kama friji, na joto lilelile linazungushwa tena na tena badala ya kutupwa. Mbili za kwanza hutumia uniti kama nne kwa kilo saba za nguo zilizokamuliwa vizuri. Ya tatu hutumia chini ya mbili, kwa moto wa chini unaotunza nguo, ila inaweza kuchukua saa mbili hadi tatu.

Ulaya mjadala huu umekwisha. Uswisi imeruhusu mashine mpya za pampu ya joto tu tangu 2012, na kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza Julai 2025 zimefikisha nchi zake palepale. Wana sababu, kwani familia ya Zurich inaitumia mashine mwaka mzima. Sisi tupige hesabu yetu. Kwa bei ya kawaida ya umeme wa nyumbani Tanzania, shilingi 292 kwa uniti, ambazo pamoja na kodi na tozo hufika kama 356, mzigo mmoja kwenye mashine ya bomba ni shilingi 1,424. Kwenye pampu ya joto, kwa uniti 1.8, ni kama 641. Unaokoa shilingi 783 kila mzigo. Ukiitumia masika na vuli tu, mara tatu kwa wiki, unaokoa kama shilingi 61,000 kwa mwaka. Ikiwa pampu ya joto imekuzidishia bei kwa shilingi 600,000, itachukua karibu miaka kumi kurudisha fedha hizo, na sina hakika kompresa itadumu miaka kumi katika hewa ya chumvi na umeme unaopanda na kushuka. Familia inayokausha mizigo mitano kwa wiki mwaka mzima hurudisha tofauti hiyo ndani ya miaka mitatu. Hao wanunue pampu ya joto bila kusita.

Wateja wadogo wa umeme wawe waangalifu zaidi. Mwenye bei nafuu ya shilingi 100 kabla ya kodi anaipata kwa uniti 75 za kwanza za mwezi, na zinazozidi hutozwa 350. Mizigo 13 kwa mwezi, yaani mitatu kwa wiki, kwenye mashine ya bomba ni uniti 52. Nyumba iliyokuwa ikitumia 60 inavuka mstari mara moja.

Mashine ya bomba inabaki na sifa moja ambayo kwetu ina thamani kubwa: ni rahisi kutengeneza. Mkanda, waya wa kupashia na kidhibiti joto ni vitu ambavyo fundi mzuri wa mtaani anavibadilisha. Pampu ya joto inataka fundi wa majokofu anayejua gesi iliyomo, na nyingi za sasa zimejazwa propani, ambayo huwaka. Lakini bomba linataka tundu ukutani, na mpangaji haruhusiwi kutoboa. Wengi hulipitisha dirishani na kuacha upenyo unaoingiza mbu. Asiyeweza kutoboa asihamie kwenye ile ya tangi kwa sababu ni nafuu, maana joto lote la uniti nne linabaki ndani ya nyumba. Katika jiko la Sinza mwezi wa Machi hilo halivumiliki, na chumba kikishapata joto, mashine nayo inashindwa kupoza mvuke wake. Mpangaji wa ghorofa anayehitaji mashine kweli achague pampu ya joto, aiweke penye hewa, na maji ya tangi lake ayatumie kudekia.

Zile zinazofua na kukausha katika pipa moja sizipendekezi kwa familia. Inayofua kilo nane hukausha kama tano tu, kwa hiyo kama kilo tatu za nguo hutolewa zikiwa mbichi. Isitoshe, nyingi hupoza mvuke kwa maji ya bomba na kumwaga makumi ya lita kwa kukausha tu. Anayenunua maji kwa boza ajue hilo kabla ya kulipa.

Mtumba nao una mitego yake. Mashine ya ndugu aliyeko Marekani ni ya umeme wa mizunguko 60, plagi kubwa ya pini nne na nyaya zilizopangwa tofauti na zetu. Gharama ya kuisafirisha ni hasara. Ya Uingereza au Dubai inakubaliana na umeme wetu, ila uliza namba ya toleo na uitafute. Mwaka 2019, chini ya shinikizo la serikali ya Uingereza, kampuni ya Whirlpool ilianza kuziita zirudishwe mashine zipatazo laki tano, za aina ambayo nyuzinyuzi zake zingeweza kufikia waya wa kupashia na kuwaka.

Hatari ya moto haiko kwenye toleo hilo peke yake. Idara ya taifa ya zimamoto ya Marekani ilikadiria moto 2,900 kwa mwaka katika nyumba za huko kati ya 2008 na 2010 kutokana na mashine hizi, na chanzo kilichoongoza kilikuwa kutozisafisha. Chujio lisafishwe kila mzigo, bila kuruka. Usiingize kitambaa chenye mafuta ya alizeti, hata kama kimefuliwa, kwa sababu mafuta hayo yakibaki kwenye kitambaa cha moto kilichorundikana huendelea kujipasha yenyewe. Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi kuliko Wamarekani: dakika za mwisho za mzunguko ni za kupoza nguo, na umeme ukikatika katikati, nguo hubaki zimefungiwa na moto wake. Ukikatika, fungua mlango, toa nguo, zitandaze. Mashine ya wati 2,500 iwe na soketi yake ukutani, kamwe isichomekwe kwenye ekstensheni pamoja na friji, na fundi umeme akague nyaya kwanza.

Bukoba, au miinuko ya Njombe na ya Limuru kule Kenya ambako Julai nguo huanikwa kwenye ukungu, mizani inainama upande wa kununua. Vilevile kwa nyumba yenye mtoto mchanga, mzee asiyejimudu, au mama anayerudi kazini saa moja usiku. Pwani, kwa familia yenye kamba uani na mashine inayokamua vizuri, sioni haja.

Lakini wengi wanaosukumwa kununua hawasukumwi na mvua peke yake. Wanasukumwa na majengo. Tunajenga ghorofa za familia kumi na mbili, tunaweka maegesho na mlinzi, kisha tunakataza nguo kwenye baraza bila kutoa pa kuanikia. Bati zinazopitisha mwanga juu ya paa, nguzo chache, pande zote wazi kwa upepo na mlango wenye kufuli: familia zote kumi na mbili zingeanika masika nzima bila tone la mvua kuwafikia, kwa gharama ambayo mwenye jengo angeirudisha kwenye kodi za miezi michache. Mpangaji anayekwenda kusaini mkataba mwezi huu aulize sehemu hiyo iko wapi, kabla hajauliza soketi ya mashine iko wapi.